Hakuanguka, Lakini Kichwa Kinamuuma: Je, Apande Ulingoni?

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kiume ana miaka 19 na ni bondia wa ridhaa. Jumamosi iliyopita alipigwa ngumi ya pembeni mazoezini. Hakuanguka wala hakuzimia, lakini jioni aliniuliza jambo lile lile mara tatu, na hadi leo kichwa kinamuuma na mwanga unamsumbua. Kocha anasema alivaa kofia ya kujikinga, hivyo hana tatizo, na ana pambano baada ya siku tisa. Tumruhusu?
Dada wa bondia, Tanga

JIBU: Msimruhusu. Hizo ni dalili za mtikisiko wa ubongo, na wengi wanaoupata hawapotezi fahamu kabisa. Kwa hiyo kwamba hakuanguka hakuthibitishi chochote, ingawa mabondia hujivunia jambo hilo kana kwamba ni cheti cha daktari.

Ama kofia, kocha ameipa kazi isiyoiweza. Ubongo huelea katika majimaji ndani ya fuvu, na ngumi ya pembeni inapokizungusha kichwa ghafla, ubongo huchelewa kukifuata na nyuzi zake laini huvutika. Kofia hupunguza kuchanika kwa nyusi, lakini haiuzuii mzunguko huo. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 mabondia wa kiume walipigana bila kofia, uamuzi ambao bado unabishaniwa.

Hofu yangu kubwa ni ngumi ya pili. Ubongo ambao haujapona ukipigwa tena, hata kwa pigo hafifu, unaweza kuvimba kwa kasi na kuua, na vijana ndio walio hatarini zaidi. Mwaka 1982 Duk Koo Kim wa Korea Kusini alianguka katika raundi ya 14 mbele ya Ray Mancini huko Las Vegas, akafariki siku chache baadaye kwa kuvilia damu kichwani, na Baraza la Ndondi Duniani (WBC) likapunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Mazoezini, hata hivyo, ambako bondia hupigwa mara nyingi zaidi, hakuna mwamuzi wala daktari.

Kwa kuwa dalili zinaendelea, mpelekeni kwa daktari sasa. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akidhoofika upande mmoja, au ikiwa vigumu kumwamsha, msingoje asubuhi. Akiruhusiwa, ataanza kwa kutembea, kisha kukimbia polepole, kisha kupiga mfuko, kila hatua ikichukua angalau siku nzima na akirudi nyuma dalili zikizidi; kupigana na mwenzake kutasubiri hadi dalili ziishe na daktari aandike kibali.

Kocha akisema kijana anadeka, mwombe afuatane nanyi hospitali aeleze ngumi ilimpata wapi na alifanya nini baadaye, kwa sababu huenda mgonjwa mwenyewe hakumbuki.