Ruzuku ya Shule Inaishia Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, watoto wangu wanne wanasoma shule ya msingi ya Serikali wilayani Kasulu, Kigoma. Tunaambiwa elimu ni bila ada, lakini mwezi uliopita wa darasa la nne alirudishwa nyumbani kwa kuwa sikuwa nimelipa shilingi 3,000 za mlinzi na mitihani ya majaribio. Ruzuku ya Serikali inaishia wapi, na je, ni halali kumrudisha mtoto?
Mama wa watoto wanne, Kasulu

JIBU: Mama yetu wa Kasulu, pole sana. Nianze na swali lako la mwisho: si halali. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, na Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ukabainisha kwamba mzazi hubaki na wajibu wa sare, madaftari, kalamu, chakula na matibabu ya mwanawe. Mchango mwingine wowote ni wa hiari, na Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kuukusanya.

Kuhusu ruzuku, naomba tuhesabu pamoja. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ametengewa shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichotokana na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza mwaka 2002, wakati fedha hiyo ilipokuwa na nguvu kubwa zaidi sokoni. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia katika akaunti ya shule. Shule yenye watoto 600 hupata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi, na humo ndimo zinamotoka chaki, karatasi za mitihani, vifaa vya michezo, ukarabati na shughuli za ofisi. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, ambayo wazazi wengi hudhani hukatwa humo, hulipwa kando.

Nimewahi kuingia katika shule moja ya mkoani kwetu nikamkuta mwalimu akivunja kila kijiti cha chaki vipande viwili ili boksi lifike mwisho wa mwezi, huku dirisha la darasa limezibwa kwa gunia, na jirani yake boma lililojengwa kwa nguvu za wananchi limesimama kwenye lenta likisubiri kupauliwa. Kwa hiyo sishangai mwalimu mkuu akitafuta fedha za mlinzi. Kinachoniuma ni kwamba upungufu wa bajeti anatwishwa mtoto wa miaka kumi, ambaye hana sauti katika bajeti hiyo.

Mrudishe mwanao darasani kesho asubuhi, ukiongozana naye mwenyewe. Kisha mwombe mwenyekiti wa kamati ya shule, ambayo ina wawakilishi wa wazazi, aitishe mkutano ambamo taarifa ya benki itasomwa: kiasi kilichoingia, tarehe kilipoingia na kilivyotumika. Wazazi wakikubaliana kumlipa mlinzi, muhtasari uandikwe, makusanyo yapitie utaratibu wa halmashauri, kila anayetoa apewe stakabadhi, na asiye na uwezo asiguswe. Mtoto akirudishwa tena, nenda kwa Afisa Elimu Kata, na usiposikilizwa, mwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.