Jozi ipi changa ya wanaume itakuwa juu kwenye badminton Los Angeles 2028? Jibu langu

Mkuu, umeuliza kati ya Wachina Chen Boyang na Liu Yi, Waindonesia Raymond Indra na Nikolaus Joaquin, na Wamalaysia Man Wei Chong na Tee Kai Wun, ipi ina nafasi kubwa zaidi Olimpiki ya 2028. Ukasema pia kijana wako wa miaka 14 anacheza na mwenzake na unataka wajifunze kwa jozi mojawapo. Wengi waliotangulia kujibu wamehesabu vikombe na kasi ya smashi, ule mpigo mkali wa kushusha. Mimi naanzia kwingine. Nimecheza wawili wawili miaka kumi na minne kwenye ukumbi mmoja pale Upanga, na kilichonifumbua macho ni kipigo.

Mwenzangu wa wakati huo alikuwa anatumia mkono wa kushoto, ana smashi ambayo ukiipokea vibaya raketi inakugeukia mkononi. Yeye nyuma, mimi mbele. Jumamosi moja tukapangiwa wazee wawili, mmoja mstaafu, miwani kaifunga kwa kamba kisogoni. Sidhani kama walipiga smashi tano mchezo mzima. Yule wa miwani akianzisha, kinyoya, yaani mpira wetu wa badminton, kinapita juu ya wavu kama kinaupapasa, kinashukia kwenye mstari wa mbele. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kukinyanyua, na nikikinyanyua wao ndio wanaoshambulia. Tukianzisha sisi, kinyoya kikitoka tu kwenye raketi yangu, mzee keshafika wavuni, anakisukumia kifuani kwangu. Mwenzangu alisimama kule nyuma na smashi yake, haikupata hata pa kuingilia. Seti mbili, hatukufika pointi 12.

Tangu siku ile nikitazama jozi changa natazama mipigo mitatu ya mwanzo: servisi ya kuanzisha, mapokezi yake, na ule mpigo wa tatu. Na ninamtazama aliye mbele kuliko aliye nyuma. Tangu 2018 kinyoya chote lazima kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni wakati wa servisi, kwa hiyo mchezaji mrefu aliyezoea kuanzishia juu ilibidi ajifunze upya kabisa. Smashi kijana atakuja nayo mwenyewe. Servisi inayotulia mkononi zikiwa 19-19 anaijenga kwa miaka.

Sasa Chen na Liu. Tafuta nusu fainali ya ubingwa wa dunia, Paris, Agosti 2025, dhidi ya Wahindi Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty. Hawa Wahindi wana dhahabu ya Michezo ya Asia ya Hangzhou na wamewahi kuwa namba moja duniani, na smashi ya Satwik kila mtu anaijua. Seti ya kwanza Wachina 21-19, ya pili wakapoteza 18-21. Ya tatu wakaanza 9-0. Tisa bila! Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko fainali yenyewe, kwa sababu ndiyo ile ile ya mzee wa miwani: ukikosa mapokezi mazuri mara mbili tatu mfululizo, smashi yako hupati pa kuipiga. Wakamaliza 21-12. Vijana walioingia mashindano hayo bila kupewa nafasi kubwa, kucheza seti ya mwisho namna ile baada ya kupokonywa ya pili, hilo kwangu lina uzito kuliko vikombe vitatu vya ngazi ya kati.

Fainali walipigwa na Wakorea Kim Won-ho na Seo Seung-jae, 21-17, 21-12. Sioni aibu hapo. Hao Wakorea ndio kipimo cha kila mtu kwa sasa, walishabeba All England, mashindano makongwe ya Uingereza, mwaka huo huo. Ila Seo ni wa 1997, Kim wa 1999. Olimpiki ya 2028 ikifika Seo atakuwa na miaka 30, na kwa mchezo wa kasi hii magoti huanza kudai.

Kikwazo cha Chen na Liu kipo nyumbani. Kwa utaratibu uliotumika Olimpiki ya Paris 2024, nchi ilipeleka jozi mbili ikiwa tu zote zimo kwenye nane bora, vinginevyo moja. Na China ina Liang Weikeng na Wang Chang, waliochukua medali ya fedha kwenye Olimpiki hiyo kwa kupoteza seti ya tatu 19-21 mbele ya Lee Yang na Wang Chi-lin wa Taiwan. Nao bado vijana, wa 2000 na 2001.

Raymond na Joaquin ndio wanaonipa raha kuwatazama. Novemba 2025 walishinda Australian Open kwa kuwafunga Waindonesia wenzao Fajar Alfian na Muhammad Shohibul Fikri kwenye seti tatu. Fajar ni bingwa wa All England 2023 pamoja na Rian Ardianto, kwa hiyo vijana walimshinda mtu anayejua kufunga mchezo. Hofu yangu si uwezo wao, ni jozi za Indonesia kuvunjika mapema. Waindonesia Leo Rolly Carnando na Daniel Marthin walikuwa mabingwa wa dunia wa vijana 2019, wakachukua Indonesia Masters 2023 na 2024, halafu wakatenganishwa. Pramudya Kusumawardana na Yeremia Rambitan walikuwa mabingwa wa Asia 2022. Wiki chache baadaye, Indonesia Open pale ukumbi wa Istora, Jakarta, seti ya tatu, pointi moja tu kushinda, Yeremia akaruka na kushukia goti vibaya. Alimalizia mchezo kwa mguu mmoja. Jozi ile haikurudi kuwa ile tena.

Hili la kutengana watu hulichukulia kirahisi. Mwenzangu alipohamishwa kikazi Mwanza nilipewa mchezaji bora kuliko yeye, kweli kabisa, na bado ilichukua zaidi ya mwaka tuache kugongana raketi katikati ya uwanja. Yule wa kwanza nilikuwa nasikia viatu vyake tu nyuma yangu najua anakwenda kushoto au kulia. Ndiyo maana nikiulizwa jozi ipi itafika, nauliza kwanza: wataachwa pamoja?

Man na Tee nitasema machache. Ni wazuri, walishinda Indonesia Masters Januari 2025, na Juni wakafika fainali ya Indonesia Open dhidi ya wale wale Kim na Seo. Walichukua seti ya kwanza, ya pili wakaikosa 19-21, ya tatu wakazama 12-21. Hapo kwenye 19 ndipo ninapowatilia shaka. Na si watoto tena; Man ni wa 1999, Tee wa 2000, wamekuwa wakishinda mashindano madogo tangu 2022.

Kwa hiyo mpangilio wangu: Chen na Liu kwanza, Raymond na Joaquin pili wakiachwa pamoja na magoti yao yakiwa salama, Man na Tee tatu. Wadau watanikumbusha Waindonesia Marcus Gideon na Kevin Sukamuljo, na wana haki. Kevin ni mchezaji wa mbele bora niliyewahi kumwona, walitawala miaka, All England mara mbili, lakini ubingwa wa dunia wala medali ya Olimpiki hawakupata. Sina jibu kamili la hilo.

Kwa hao vijana wako, wawekee ile seti ya tatu ya Chen na Liu dhidi ya Wahindi, pointi tisa za mwanzo, bila sauti. Waambie wasifuate kinyoya kwa macho. Watazame miguu ya anayepokea servisi, halafu wakaijaribu uwanjani wakiwa na vinyoya ishirini na bila kupiga smashi hata moja.