Meli mbili kubwa au boti sita ndogo: kwa nini jedwali lako linageuka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, nasoma shahada ya pili ya usimamizi wa shughuli za bahari. Tumepewa zoezi la nchi ya kubuni yenye pwani kama yetu na eneo la uchumi la maili 200. Fedha zinatosha kununua meli mbili kubwa za doria, au boti sita ndogo. Nimetengeneza jedwali la vigezo vitano, kila kigezo nikakipa uzito, nikajumlisha alama, boti zikashinda. Mwenzangu akaongeza chaguo la tatu, boti ya kasi ya noti 40 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Hiyo boti yenyewe ilishika mkia, lakini kuingia kwake tu kukazipandisha meli juu ya boti zangu. Hakuna tarakimu ya meli wala ya boti iliyoguswa. Nimekosea wapi? Na nani mshindi wa kweli?

JIBU: Marahaba. Kukokotoa umekokotoa sawasawa, nimelipitia jedwali lako mstari kwa mstari. Tatizo ni maana ya zile namba.

Tuanze na kasi. Meli inakwenda noti 22, boti noti 25. Umezigeuza kuwa alama kwa njia iliyozoeleka: wa chini apate 0, wa juu apate 100. Kasi umeipa uzito wa asilimia 30, kwa hiyo boti imejinyakulia pointi 30 kwa sababu ya noti 3 tu. Sasa tazama mstari wa tatu. Meli inakaa baharini siku 28 bila kurudi gatini, boti siku 5. Hapo napo ni 100 kwa 0, ila uzito ni 15. Maana yake jedwali linadai kwamba noti 3 zina thamani mara mbili ya siku 23 za kukaa baharini. Mwambie nahodha yeyote maneno hayo uone atakavyokutazama.

Mwenzako alipoleta noti 40, kipimo cha kasi kikarefuka: kutoka 22 hadi 40 ni noti 18. Boti yako iko hatua 3 kati ya 18, yaani alama 17, na zile pointi 30 zikawa 5. Pointi 25 zimeyeyuka na boti ni ileile.

Dawa yake ni kuacha kuuliza "kasi ina umuhimu gani?" Kila mtu atakujibu kwamba kasi ni muhimu, na mafuta ni muhimu, na usalama ndiyo usiseme. Uliza hivi: nina chombo kibovu kwa kila kigezo, noti 22, siku 5 na kadhalika, nikiruhusiwa kurekebisha jambo moja tu, kulitoa chini hadi juu, nitaanza na lipi? Hilo ndilo lipate 100. Kisha mengine yapime kwa hilo: kutoka noti 22 hadi 25 kunafikia nusu yake? Robo? Uzito ni wa ile hatua, kutoka hapa hadi pale, na hatua ikibadilika uzito nao ubadilike. Na vipimo vyenyewe, cha chini na cha juu, viandike kabla hujajua nani anashindana. Niliwahi kukaa kikao kimoja ambacho uzito ulirekebishwa mara nne mchana kutwa mpaka meli fulani ikashinda, ndipo chai ikaletwa.

Lakini hata ukirekebisha uzito, nisingekushauri uishie kwenye jedwali. Linapima chombo kimojakimoja, wakati wewe unanunua kikosi. Na hujasema popote kikosi hicho kipo kwa kazi gani.

Kuna kisa cha Vita Kuu ya Pili ambacho watu wa fani hii hufundishwa mapema. Waingereza waliweka mizinga ya kutungulia ndege kwenye meli za mizigo. Baadaye wakahesabu: ni kama asilimia 4 tu ya ndege zilizoshambulia ndizo zilizoangushwa. Mizinga ghali, wapigaji wachache, na huku nchi kavu inahitajika. Karibu waing'oe. Kisha akatokea wa kuuliza kama mizinga iliwekwa ili kuangusha ndege au ili meli ifike. Wakahesabu upya. Kati ya meli zilizoshambuliwa bila kufyatua mizinga, asilimia 25 zilizama. Zilizofyatua, asilimia 10. Rubani anayerushiwa risasi hulenga vibaya. Mizinga ikabaki.

Kwako, kazi yaweza kuwa "muda wote pawe na angalau chombo kimoja maili 120 kutoka pwani". Au yaweza kuwa "tuwe na vyombo vingi iwezekanavyo baharini kwa siku". Hayo yanafanana kwenye karatasi tu. Hebu tukokotoe, kwa namba za mfano.

Chukua kwamba chombo chochote, kikubwa au kidogo, kiko tayari kwa siku 60 kati ya 100. Nyingine kiko kwenye chelezo, kinasubiri vipuri, au mabaharia wako likizo. Usidhani nimekuwa mkali. Waingereza wana nyambizi nne za makombora ya nyuklia ili wawe na uhakika wa moja kuwa doria, na ndivyo walivyoendesha tangu 1969.

Meli mbili: uwezekano wa zote kukosekana ni 0.4 mara 0.4, yaani 0.16. Kwa hiyo asilimia 84 ya muda una angalau moja. Boti sita: 0.4 ikizidishwa kwa yenyewe, zikiwa sita, ni 0.004, yaani unayo moja karibu asilimia 99.6 ya muda. Wengi huishia hapo na kuanza kushangilia.

Sasa ingiza kusi. Juni mpaka Agosti wewe wa Tanga huhitaji kusimuliwa na mtu wa ofisini. Boti ya mita 20 na kitu, maili 120 nje, kwenye mawimbi yale, haiendi. Na haikosekani moja, zinakosekana zote sita kwa pamoja. Ile hesabu ya kuzidisha 0.4 inafaa pale tu ambapo kila chombo kinaharibika kivyake. Tuseme siku 30 kati ya 100 ni za bahari chafu. Boti zinashuka hadi asilimia 70. Meli zimebaki 84.

Na bahari siyo peke yake inayoangusha vyombo kwa mpigo. Januari 2021 jeshi la wanamaji la Marekani lilisimamisha kupokea manowari mpya za aina ya Freedom, kwa sababu giaboksi inayounganisha injini za dizeli na turbini za gesi ilikuwa na kasoro ya usanifu. Kasoro ya usanifu huenda na aina nzima. Ukinunua sita zilizofanana, vipuri na mafunzo vinakuwa rahisi, ila siku ikijitokeza dosari umeinunua mara sita.

Kuna chaguo ambalo zoezi lenu halikulitaja: meli moja na boti tatu, fedha zilezile. Siku njema, uwezekano wa kukosa vyote vinne ni 0.4 ikizidishwa kwa yenyewe, zikiwa nne, karibu 0.026, kwa hiyo una asilimia 97.4. Siku mbaya unategemea meli moja, asilimia 60. Ukichanganya kwa 70 na 30 unapata asilimia 86. Mchanganyiko umezipita pande zote mbili, na jedwali lako lisingeuona kamwe.

Ila geuza kazi iwe ile ya pili, wingi wa vyombo baharini kwa siku. Boti sita zinatoa wastani wa vyombo 2.5, mchanganyiko 1.9, meli mbili 1.2. Boti zimeshinda tena, na safari hii kihalali. Kwa hiyo swali lako la "mshindi wa kweli" mrudishie mwalimu wako: kikosi kipo kwa kazi gani? Akikwepa, andika zote mbili.

Jambo moja kuhusu mti wa maamuzi mliotakiwa kuchora, yaani mchoro ambao kila tawi ni jambo linaloweza kutokea. Kusi linaweza kuwa tawi lenye uwezekano wa 0.3, maana upepo haukutegei. Mvuvi haramu au mpitisha dawa za kulevya anakutegea. Anajua boti yako inarudi kujaza mafuta kila siku ya tano. Yeye usimpe uwezekano, mchoree jedwali la michezo, linaloweka machaguo yako upande mmoja na yake upande wa pili. Mfano mzuri ni mapigano ya Bahari ya Bismarck, karibu na New Guinea, 1943. Msafara wa Wajapani ulikuwa unatoka Rabaul kwenda Lae, na ungeweza kupita kaskazini ya kisiwa cha New Britain au kusini. Jenerali Kenney wa Marekani alipaswa kuchagua apeleke wapi ndege nyingi za upelelezi. Mwaka 1954 Kanali O. G. Haywood aliligeuza tukio hilo kuwa jedwali la siku za kushambulia: Kenney akitafuta kaskazini anapata siku 2 hata adui apite wapi, akitafuta kusini anapata 3 adui akipita kusini, 1 akipita kaskazini. Kwa Mjapani, kaskazini haikuwa mbaya zaidi kwa vyovyote. Wote wawili walichagua kaskazini. Meli zote nane za uchukuzi zilizamishwa, na manowari nne za ulinzi.

Mwisho, kuhusu ile 30 yangu ya bahari chafu, ambayo mtahini ataishambulia kwanza. Usiitetee. Ihamishe taratibu uone mshindi anabadilika wapi. Kwa kazi ya kwanza, boti sita zinashinda endapo bahari chafu haizidi siku 12 kwa mwaka. Meli mbili zinashinda ikizidi takriban siku 131. Katikati pote hapo ni mchanganyiko. Kwa hiyo ukienda kwa watu wa hali ya hewa huna haja ya kuwaomba takwimu za miaka 30. Waulize tu siku ambazo mawimbi yanaizuia boti yako zinafika 131 au hazifiki.