Je, msaada wa chakula humfikia mwenye njaa?
Ndugu yangu, umeuliza iwapo msaada wa chakula wa serikali za kigeni humfikia mwenye njaa au huishia hapa bandarini Kilindini, Mombasa. Hufika, ingawa kwa gharama kubwa kuliko inavyostahili. Magunia ya mtama yanayoteremshwa gatini hupakiwa kwenye malori yaendayo kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, na hata Sudan Kusini. Lakini sheria ya Marekani, iliyoanzisha mpango wa msaada wa chakula wa nchi hiyo mwaka 1954, huambatana na nyingine inayotaka angalau nusu ya shehena ibebwe na meli za bendera yao, hivyo sehemu ya fedha huliwa na nauli (mwenye meli naye hushiba). Kununua mahindi kwa wakulima wa eneo hili, panapokuwa na mavuno, naona kungefaa zaidi.