Unaanza kazi za ardhioevu za mpakani? Fuata maji kwanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hizi kazi, najua wengi mnaanza na Mkataba wa Ramsar wa 1971, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mnakariri vifungu afu mnaona mko tayari. Sio vibaya, ila kifungu chenu ni cha 5, kile kinachotaka nchi zishauriane pale ardhioevu inapovuka mpaka au maji yanapokuwa ya pamoja. Kushauriana yani, hakuna polisi wa Ramsar wa kumkamata mtu.

Kabla ya ramani ya mipaka tafuta ramani ya maji. Chukua mto Okavango, delta yake iko Botswana na iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2014, lakini maji yake mengi yanatoka nyanda za juu za Angola, yanapita Namibia, yanatembea miezi mpaka yafike, ndo maana delta inafurika wakati Botswana kwenyewe ni kiangazi. Sasa hadhi ya urithi imechorwa huku chini, bwawa au umwagiliaji unaamuliwa huko juu. Nchi zote 3 ziliunda kamisheni ya mto huo, OKACOM, 1994 na hata yenyewe inashauri serikali, haiamrishi. Kwa hiyo ukipewa mpango wa uhifadhi uandike, swali la kwanza ni nani anasaini kibali cha maji kule juu, na je ofisi yenu inamjua? Mara nyingi haimjui, inamjua mtu wa wanyamapori tu.

Afu msidharau vikao. Bahari ya Wadden, ardhioevu ya pwani ya Denmark, Ujerumani na Uholanzi, walianza kushirikiana 1978, urithi wa dunia ukaja 2009 kwa Ujerumani na Uholanzi, Denmark ikaungana 2014. Katikati hapo ni vikao na kukubaliana namna ya kuhesabu ndege na sili kwa njia moja, kazi inayoboa kweli, ila we ukihesabu bata Januari na jirani akahesabu Juni mtabishana takwimu mpaka mstaafu.

Na wavuvi waulizeni mapema, wao wanavuka mpaka kila siku. Ukifunga uvuvi upande wako huku ng'ambo kuko wazi, samaki wataishia kwenye nyavu za jirani na watu wako wataanza kuvua usiku, kwa hiyo tarehe za kufunga zipangeni na wenzenu wa ng'ambo kabla hamjatangaza chochote kijijini.