Je, jeni za mama zimebadilika?

Pole sana dada. Umeuliza kama jeni za mama zimebadilika ndiyo maana anasahau, na kama nawe utarithi. Jeni zenyewe ziko vilevile. Kinachobadilika ni vialama vya kikemikali, methili, vinavyojishikiza kwenye DNA, uzi unaobeba jeni, na kuiambia seli jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani na Uingereza walichunguza bongo za marehemu, zaidi ya 700 katika utafiti mmoja, wakakuta alama hizo zimebadilika kwenye jeni ya ANK1 kwa waliokuwa na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaoleta usahaulifu. Kama ndiyo chanzo au ni kovu la ugonjwa, bado haijathibitishwa. Ila alama za kwenye seli za ubongo wake hazikupitishwa kwako.

Bibi yangu kule Bombo alikuwa anatia chumvi kwenye chai, kisha analia nani kamharibia. Majirani wakasema karogwa, tukapoteza miezi. Tafadhali msingoje: apimwe presha, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12 na VVU. Baadhi ya usahaulifu unatibika kabisa.