Mti ulimrudia: nilivyofuatilia kifo cha babu aliyekwenda Kongwa kufyeka pori

Nyumbani kwetu kulikuwa na sentensi mbili tu kuhusu babu mzaa mama. Ya kwanza: "Alikufa mwaka wa mnyororo." Ya pili: "Mti ulimrudia." Zikishasemwa hizo, bibi alikuwa anainuka kwenda kuangalia chungu jikoni hata kama hakuna kilichobandikwa, nasi wajukuu tukajua mazungumzo yamekwisha.

Naandika haya kwa sababu watu wananiuliza nilianzaje kufuatilia kifo chake, wakidhani nina elimu ya historia. Sina. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilichokuwa nacho ni hizo sentensi mbili, na kwa miaka mingi nilizitumia vibaya.

"Mwaka wa mnyororo" tulijua maana yake, au tulidhani tunajua. Mnyororo ni jela. Mama mkubwa aliwahi kuninong'oneza nikiwa kidato cha pili kwamba huenda babu alifungwa kwa kodi, akapelekwa kazi ya kifungo porini, akafia huko. Ndiyo maana bibi hataki kusema. Basi nasi tukalificha. Nilipoulizwa shuleni kuhusu ukoo wa mama, nilisema babu alikufa kwa homa.

"Mti ulimrudia" ilikuwa mbaya zaidi. Wajomba waliieleza hivi: babu alikata mbuyu wenye wenyewe, yaani mizimu, na wenyewe wakamlipiza. Mimi niliyesoma niliicheka. Nikaandika kwenye daftari langu, na daftari hilo bado ninalo, "babu aliangukiwa na mti." Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nakuomba wewe usilifanye. Nilimsahihisha bibi. Nilichukua neno lake nikaweka langu, kwa kuwa langu lilionekana la kisomi. Ningelishika lake kama lilivyo, ningeokoa miaka kama kumi na tatu.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa kuliko mingine yote: andika maneno ya wazee kama wanavyoyatamka. Wakisema "ulimrudia", andika "ulimrudia". Kama wanasimulia kwa Kigogo, Kihehe au Kisambaa, andika kwa lugha hiyo hiyo, kisha tafsiri uiweke pembeni. Siku hizi simu inarekodi sauti, huna kisingizio. Maelezo yao kuhusu maana ya neno yanaweza kukosea, maana wengi wao walikuwa watoto au hawakuwapo. Neno lenyewe mara nyingi limetoka kwa mtu aliyeona.

Tarehe nazo usiulize "mwaka gani". Niliuliza hivyo kwa mjomba wangu mkubwa akanijibu "zamani sana", akakasirika kidogo. Nilipobadilisha nikauliza "nani alikuwa mgongoni?" mambo yakafunguka. Mjomba alikuwa anachunga mbuzi tayari, ila hajaruhusiwa kuvuka mto peke yake. Mama mkubwa alikuwa mgongoni. Mama yangu alikuwa tumboni. Hayo ni mahesabu ambayo hata mimi nayaweza.

Cha kuyafunga kilikuwa kitabu cha ubatizo. Sisi ni watu wa upande wa Mpwapwa, na misheni ya Waanglikana imekuwapo huko tangu miaka ya 1870, kwa hiyo vitabu vipo, ingawa mchwa nao walikuwapo. Katibu wa kanisa alinifungulia daftari mezani, akakaa pembeni akinitazama kama mtu anayelinda mtihani. Mama alibatizwa 1949. Kwenye safu ya baba, mbele ya jina, kuna neno moja kwa wino uliofifia: marehemu. Mama mkubwa naye yumo, kurasa kadhaa nyuma, mwaka 1947, na hapo baba hana neno lolote mbele ya jina. Basi babu alikufa kati ya ubatizo huo na huu, na kwa kuwa mama alikuwa tumboni, nikabaki na miezi ya 1948 na mwanzo wa 1949. Hakuna cheti cha kifo kilichonipa hilo. Usipoteze nauli kutafuta cheti cha kifo cha Mwafrika wa kijijini wa miaka hiyo. Kuandikisha vifo vyetu hakukuwa lazima kama ilivyokuwa kwa Wazungu na Wahindi. Tafuta vyeti vya walio hai waliomzunguka.

Mwaka 1948, mwanamume wa Mpwapwa, kazi ya porini. Aliyesoma historia kidogo ameshajua tunaelekea wapi. Mimi ilibidi niambiwe na mwalimu mwenzangu wa historia, tena kwa kunishangaa: "Wewe, hiyo si Kongwa? Si karanga hizo?"

Mpango wa karanga tunaufundisha kwa aya moja, na wanafunzi hucheka. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki 9, ukapendekeza karanga zilimwe kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, ili Uingereza iliyochoshwa na vita ipate mafuta ya kula. Kazi ilianza Kongwa mapema 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa kusafisha ekari 150,000. Mwaka ulipoisha, zilizokuwa tayari hazikufika 10,000. Udongo ulikauka ukawa kama sakafu, maji yalikuwa ya shida, mibuyu ilikuwa na nyuki, na mvua za Ugogo zilifanya zilivyozoea. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango huo, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Vitabu vinaelezea hasara hiyo kwa kirefu. Maelfu ya vijana wa huku waliokwenda na mashoka hutajwa kwa idadi tu, wakitajwa.

Nilikwenda Kongwa likizo ya Juni 2011. Sikuwa na barua wala mwenyeji. Nilianza na sehemu niliyoiona ina wazee wengi, kibaraza cha fundi baiskeli, nikanunua chai ya watu wote. Siku ya pili nikaletewa mzee mmoja, aliyekuwa amepita miaka themanini, ambaye ujana wake alifanya kazi hiyo nyuma ya makatapila. Nikamuuliza kuhusu wafungwa waliofanya kazi porini wakiwa na minyororo.

"Wafungwa gani?"

Nikamwambia: mwaka wa mnyororo.

Alinitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Mnyororo wa nanga! Wa meli!"

Mnyororo wa meli Kongwa, zaidi ya kilomita 250 kutoka baharini. Akanichorea chini kwa fimbo. Katapila mbili zinakwenda sambamba, zimeachana, mnyororo mzito umefungwa kati yao unaburuzwa chini. Ya tatu iko nyuma, inasaidia kusukuma mti unaokataa. Pori linalala kama majani mbele ya ng'ombe. Vichaka vilivyokuwa vimewashinda kuvisukuma kimoja kimoja vikaanza kuondoka kwa mkupuo. Kwa vijana wa pale lilikuwa jambo la kuhesabia miaka: kabla ya mnyororo, baada ya mnyororo. Alizungumza pia juu ya vifaru vya vita vilivyong'olewa mzinga vikafanywa trekta, nikadhani anatia chumvi. Ni kweli tupu, vifaru vya Sherman viligeuzwa hivyo.

Nilikaa pale nikitazama mchoro wa vumbi. Ukoo mzima ulikuwa umeona aibu kwa miaka sitini kwa ajili ya mnyororo wa meli.

Mti nao? Mzee alisema tu, "Ndiyo, ilikuwa inarudi," kana kwamba nimemuuliza kama jua huzama. Sikuelewa, nikaona haya kuuliza mara ya pili. Usione haya kuuliza mara ya pili! Nimerudi Kongwa baada ya hapo na mzee hayupo.

Aliyenieleza ni shemeji yangu, anayekata miti kwa mkataba kule Mufindi, kwenye mashamba ya Sao Hill. Tulikuwa msibani, tumekaa nje usiku, namsimulia. Nilipofika kwenye "ulimrudia" akanikatiza: "Huo ulikuwa umepinda." Halafu akaeleza kwa kutumia ufagio wa chelewa. Mti uliolazwa na mwingine, au uliokandamizwa ukakwama bila kung'oka, umejaa nguvu kama upinde. Upande wa ndani wa tao umebanwa, upande wa nje umevutika. Mtu asiyejua anasimama akaupiga shoka pale palipovutika, kwa kuwa ndipo panapokatika upesi. Unapasuka na kurudi ulikotoka, na yeye yuko njiani. Kwao, mti wa hivyo unakwanguliwa kidogo kidogo upande wa ndani mpaka uishe nguvu, na mkataji anasimama pembeni, kamwe si mahali utakaporudi. Wenye mashamba yenye miti iliyoangushwa na upepo, shikeni hilo. Mwenye msumeno hana usalama kuliko mwenye shoka.

Sasa fikiria nyuma ya mnyororo ule. Miti iliyong'oka imelala, na kati yake ile laini iliyopinda bila kung'oka, imekwama chini ya mingine. Wanakuja wenye mashoka kumalizia. Babu alikuwa mkulima, alijua kufyeka shamba lake, mti mmoja mmoja, uliosimama. Pori lililolazwa na mashine hakuwahi kuliona, wala hakuna aliyewahi kuliona.

"Ulimrudia." Bibi aliambiwa na mtu aliyekuwa pale, na kwa miaka hamsini hakubadilisha hata silabi. Mimi mwenye digrii nilibadilisha ndani ya dakika moja.

Kuhusu nyaraka nitasema machache, maana watu huanzia huko na kukata tamaa. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Dar es Salaam. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, na ujue kabla wilaya na jimbo la enzi hizo, kwa kuwa mafaili yamepangwa kwa serikali ilivyokuwa. Kongwa ilikuwa Wilaya ya Mpwapwa, Jimbo la Kati. Utapata barua kuhusu vibarua, mishahara, maji, malalamiko ya machifu. Ripoti za mwaka za Idara ya Kazi huhesabu ajali. Jina la babu yako usilitarajie. Gazeti la Mambo Leo, lililokuwa likitoka kwa Kiswahili tangu 1923, lisome kwa kuona watu wa wakati huo walizungumzaje. Uingereza nako, kwenye Nyaraka zao za Taifa pale Kew, mafaili ya Tanganyika yamo katika mfululizo wa CO 691. Sijafika, nauli yenyewe ndiyo hiyo. Na kabla ya yote hayo, uliza nyumbani kama kuna kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi. Chetu kililiwa na panya pamoja na sanduku.

Jambo jingine: kuna siku utataka mtu wa kumlaumu. Nilipitia hapo. Niliandika barua ya kurasa nne, nikairarua, kwa kuwa mama aliniuliza nampelekea nani na sikuwa na jibu. Alichotaka yeye kilikuwa kidogo zaidi. Jioni nilipomchorea mnyororo kwenye karatasi ya mtihani, katapila hapa na katapila pale, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Kwa hiyo hakuwa mfungwa." Akachukua simu kumpigia kaka yake, akaniambia nitoke nje.

Baada ya simu hiyo mjomba alianza kukumbuka. Ndivyo inavyokuwa aibu ikiondoka, kwa hiyo rudi kwa yule yule uliyekwisha kumuuliza. Alikumbuka kwamba habari ililetwa na wanaume wawili kwa miguu, nao walileta shoka na blanketi. Mmoja aligeuka asubuhi yake. Mwingine, ambaye hakuwa Mgogo na alizungumza Kiswahili cha kuokoteza, alibaki siku tatu akamlimia bibi shamba lote la uwele, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeshatangulia na bibi alikuwa na tumbo. Akaondoka kabla hakujakucha. Kijijini walimwita "yule wa mkono", alikuwa hana vidole viwili vya kushoto.

Hakuna aliyemuuliza jina. Ndiye ninayemtafuta sasa. Kama kwenu kulikuwa na babu aliyekwenda Kongwa kwenye karanga, akarudi bila vidole viwili, na akawahi kusimulia habari ya kulima shamba la mjane Mpwapwa mwaka wa mnyororo, mama yangu angependa kuwafahamu.